Kilo Sitini na Sita

Kuna watu waliojaliwa sauti, kuna waliojaliwa sura, na kuna Bi Mizani, ambaye alijaliwa viganja. Kwa miaka thelathini na moja alikaa kwenye kaunta ya vifurushi posta, na kabla kifurushi hakijafika kwenye mizani yeye alishakipokea, akakipandisha kidogo hewani na kutamka, "Kilo tatu na robo." Mizani ikija kusema, inasema hivyohivyo. Wateja walikuwa wakibishana naye makusudi, kwa raha tu ya kushindwa. Siku alipostaafu wenzake walimwandalia keki. Akaishika, akasema ina kilo mbili kasoro robo na kwamba mwokaji amewapunja. Watu walicheka mpaka machozi yakawatoka, isipokuwa mwokaji, ambaye naye alikuwa amealikwa.

Mumewe mtaa mzima ulimwita Fundi, na hata mkewe alimwita hivyo. Alikuwa mekanika wa malori, mtu wa mikono mikubwa na maneno mengi. Basi asubuhi moja, akiwa anafunga kamba za viatu, kiharusi kikampiga upande wote wa kulia. Mkono na mguu wa kushoto vilisalimika. Ulimi nao haukuguswa hata kidogo, na Bi Mizani husema hapo ndipo yeye alipoonewa.

Miezi minane ikapita hivyo. Mdogo wake Fundi, ambaye alikaa nyumba ya tatu kutoka pale, alikuja kila asubuhi kumtoa kaka yake kitandani na kumweka kwenye kiti cha magurudumu, na kila jioni alikuja kumrudisha. Mengine yote yalikuwa ya Bi Mizani: kumwogesha, kumlisha, kumnyoa, kugombana naye. Kazi ilikwenda vizuri tu, mpaka shemeji huyo alipopewa uhamisho wa kikazi kwenda mji mwingine. Akapewa miezi mitatu ya kujiandaa.

Hapo ndipo binti yao mkubwa alipoitisha kikao. Huyu binti ni mkuu wa shule, na mtu akishazoea kuongoza walimu arobaini, wazazi wawili hawamshindi. Alikuja sebuleni na karatasi mkononi, akakohoa, akasoma, "Ajenda ya kwanza, Baba." Baba mwenyewe alikuwa amekaa palepale mbele yake, lakini hakuulizwa kitu.

"Baba atakuja kukaa kwangu," binti alisema. "Mume wangu yupo, na mfanyakazi wa kiume tutatafuta. Chumba kimoja kipo, kidogo lakini kizuri. Mama utabaki hapa uangalie nyumba. Utakuwa unakuja kumwona wakati wa likizo."

Likizo! Mtu na mumewe, miaka thelathini na sita kwenye kitanda kimoja, leo waonane kwa likizo kama wanafunzi wa bweni. Bi Mizani akamgeukia binti yake.

"Nani kakwambia mimi nimeshindwa na mume wangu?"

"Mama, unaweza kumnyanyua Baba?"

Bi Mizani akamtazama shemeji, aliyekuwa amekaa karibu na mlango. 

"Basi," binti alisema, kwa ile sauti ya kufungia kesi ya mtoto mtukutu. "Siku utakayomtoa Baba kitandani ukamweka kwenye kiti, peke yako, nikaona kwa macho yangu, mimi sitakuwa na neno tena. Atabaki hapa."

Alisema hivyo ili kumaliza maneno. Hakujua anaongea na mtu wa posta. Kwa watu wa posta, kitu kilichotamkwa mbele ya kaunta kimeshapigwa muhuri.

"Umesema," Bi Mizani akamwambia.

"Nimesema."

"Shemeji, umesikia?"

"Nimesikia," shemeji alijibu, huku akitazama sakafu.

"Na mimi je, siulizwi?" Fundi akadakia.

"Nyamaza!" mama na mwana wakamwambia kwa pamoja, na hilo lilikuwa jambo pekee walilokubaliana siku ile.

Kesho yake Bi Mizani alimpeleka Fundi kliniki, akamwacha nje kwenye foleni na kuingia peke yake kwa mtaalamu wa viungo, mwanamke mfupi mwenye mabega mapana aliyekuwa akimtibu Fundi tangu mwanzo. Akamweleza shida yake yote. Mtaalamu akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza umri.

"Hamsini na tisa."

"Na mumeo ana uzito gani?"

"Sitini na sita."

"Alipimwa lini?"

"Hajapimwa. Ila nikimgeuza namsikia."

Mtaalamu akatabasamu kwa adabu, akamleta Fundi kwenye mizani ya kiti. Ikasoma sitini na sita. Akaizima, akaiwasha tena, akampima upya. Tabasamu likamtoka, akamrudisha Fundi nje.

"Sikiliza, mama," akasema. "Mwanamke akishakoma hedhi, mifupa yake huanza kudhoofika kimyakimya, haisemi mpaka siku ya kuvunjika. Kutembea ni kuzuri, lakini mfupa unataka mzigo. Ukiupa mzigo kidogokidogo, kwa mpango, unakaza. Misuli nayo haiulizi umri, inauliza kama kuna kazi. Nina wagonjwa wa miaka sabini wanaonyanyua vyuma, na magoti yaliyokuwa yakiwaliza wameyasahau."

"Nitaota kifua cha kiume?"

"Wanaume wenyewe wanakihangaikia miaka mitano na hawakipati. Wewe utakipata kwa miezi mitatu?" Akamwandikia mahali kwenye kikaratasi. "Ila mumeo usimguse mpaka uwe tayari. Mkianguka, mtavunjika wote wawili."

Mahali penyewe palikuwa ukumbi mdogo nyuma ya karakana ya kuchomelea mageti. Mwenyewe alijiita Chuma, na alikuwa na haki ya kujiita hivyo, maana shingo yake ilianzia masikioni. Jioni ukumbi ulikuwa wa wanaume. Asubuhi, saa nne mpaka saa tano, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, ulikuwa wa wanawake. Jumatatu Bi Mizani alipofika walikuwamo watano, na aliyekuwa na sauti kuliko wote alikuwa msusi mmoja wa mtaa wa pili, mtu ambaye hakuwa na breki mdomoni.

"Karibu mama," msusi akasema. "Hapa tunaingia tukilia, tunatoka tukitambaa."

Chuma akamletea Bi Mizani kisahani cha chuma chenye tundu katikati, kile kinachovikwa kwenye nondo. "Tuanze taratibu, mama yangu. Hii ni kilo kumi."

Bi Mizani akakipokea. Akakipandisha kidogo hewani. "Hii si kumi," akasema. "Hii ni nane na chembe."

Chuma akacheka. "Mama, si imeandikwa hapo!"

"Naona ilivyoandikwa. Nakwambia inavyosema." Akaenda kwenye rafu, akashika kingine chenye namba ishirini. "Kumi na sita. Na mwenzake huyu ni kumi na saba. Lo! Hata zenyewe kwa zenyewe hazipatani."

Kicheko cha Chuma kikapungua. Na Jumatano, Bi Mizani alipoingia na mizani yake ya kuning'iniza, akaitundika kwenye boriti na kisahani cha kumi kikasoma nane na chembe, kicheko kikaisha kabisa. Chuma akamvuta pembeni, nyuma ya mlango, akiongea kwa kunong'ona, jitu zima lile.

"Mama yangu, nakuomba. Yule jirani wa mageti ndiye aliyenimiminia hivi visahani kwa vyuma chakavu. Nilimpa mfano wa kufuatia, yeye akakadiria kwa macho. Mpaka mimi nagundua, Buldoza alishatangaza mji mzima kwamba ananyanyua mia. Wakijua, watanifanya kitoweo."

"Buldoza ndiye nani?"

"Mlinzi wa benki. Ndiye mkubwa wa wale wa jioni. Kila akimaliza zoezi anambusu mwenzake kwenye kioo."

Bi Mizani akamtazama kwa huruma nyingi, ile huruma ya mtu aliyeona mlango umeachwa wazi. "Mwanangu, mimi siri naijua kuitunza. Barua ngapi zimepita mikononi mwangu? Lakini tuelewane. Kwanza, wanawake wapate visahani vya kweli, na kila kimoja nikitundike mwenyewe. Pili, tupate na Jumamosi. Tatu, utanifundisha wewe mwenyewe, kwa dhati, kama unamfundisha mtu wa mashindano. Nina miezi mitatu."

"Na nikikataa?"

"Ukikataa hakuna ubaya. Nitapita tu siku moja jioni niwasalimie akina Buldoza. Mimi na mizani yangu."

Chuma hakukataa. Wiki ile ile visahani vipya vikamiminwa, kila kimoja kikaning'inizwa, kilichopungua kikarudi motoni. Vikawekwa upande wa wanawake. Upande wa wanaume uongo ukaendelea kunawiri kwa amani.

Alianza na fimbo ya ufagio, na ilimuudhi sana. Chuma akamfundisha kurudisha makalio nyuma, kunyoosha mgongo, kukaza tumbo, kusukuma ardhi kwa nyayo badala ya kuvuta mzigo kwa kiuno. "Mama, wewe miaka yote ulikuwa unanyanyua kwa mgongo," alimwambia. "Miguu uliiacha nyumbani." Ikaja nondo tupu, kisha nondo na visahani vidogo. Wiki ya kwanza alishindwa kukaa kitini bila kuguna. Ngazi za mbele ya nyumba alizishuka kinyumenyume, ameshika ukuta, akitaja majina ya ndugu zake waliokufa.

Fundi alimwona kutoka dirishani. "Umeanguka?"

"Sijaanguka."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nilikwambia nakwenda kunyoosha viungo. Vinanyooka."

Habari ya vyuma hakumwambia. Alitaka siku ile aione mwenyewe, kwa mwili wake mwenyewe, ashangae. Fundi akamtazama akijikanda mapaja jikoni, hakusema kitu. Bi Mizani angekuwa na nafasi ya kufikiri, angejiuliza ni lini mara ya mwisho Fundi alikosa la kusema. Lakini nafasi hiyo hakuwa nayo, alikuwa na mayai yanachemka.

Maana alikuwa anakula, jamani! Mayai, maharage, maziwa, na usingizi akaupata wa watoto wachanga. Mwezi wa pili goti la kushoto, lililokuwa likilia kila akiinama, likanyamaza. Vifuniko vya makopo ambavyo zamani alimpelekea shemeji, sasa akavifungua kwa mkono mmoja huku akiongea. Mtungi wa gesi akaupandisha ngazi mwenyewe, akaufikisha jikoni, kisha akausimamia kidogo na kuutazama, aone kama una neno. Ukumbini nondo ikafika kilo ishirini, thelathini, arobaini. Msusi naye, aliyekuwa akimaliza kila siku ameshika kiuno kwa kusimama juu ya vichwa vya watu, akagundua kwamba kiuno hakishiki tena. "Nilidhani nimezaliwa na maumivu yale," alisema. "Kumbe yalikuwa mgeni tu, yanafukuzika."

Ijumaa moja, saa nne na nusu, mlango ukasukumwa, akaingia Buldoza mwenyewe. Zamu yake kazini ilikuwa imebadilishwa. Alikuwa amevaa fulana isiyo na mikono, pengine haikuwa na nafasi ya kuwa nayo.

"Wekeni chini, akina mama," akasema. "Mtaumia. Hivi vitu vina wenyewe."

"Tuonyeshe basi, mwenyewe," msusi akamjibu.

Buldoza hakuhitaji kubembelezwa. Chuma, kutoka upande wa pili, akafungua mdomo aseme kitu, macho yake yakakutana na ya Bi Mizani, akaufunga. Buldoza akachukua nondo iliyokuwa karibu, upande wa wanawake, akaivika mpaka ikatimia sitini. Sitini juu ya kichwa ndiyo ilikuwa salamu yake ya kila siku kwa kioo. Akaifikisha mabegani, akavuta pumzi, akapiga kelele, akasukuma. Nondo ikafika puani. Ikasimama hapo. Ikatetemeka. Buldoza akapiga kelele nyingine, ya aina tofauti kidogo, na nondo ikarudi chini na mshindo.

Hakuna aliyecheka, maana uso wake ulikuwa umebadilika. Akajishika mshipa wa mkono. Akamgeukia msusi. "Dada, nitazame machoni. Ni ya manjano?"

"Kidogo," msusi akasema, mwanamke asiye na huruma.

Buldoza akaondoka. Siku ya pili ikasikika kwamba yuko hospitali. Akapimwa damu, akapimwa mkojo, akapigwa picha ya kifua, hakuonekana na kitu, na hapo ndipo alipoogopa zaidi, maana ugonjwa usioonekana si ndio wenyewe? Wiki nzima hakwenda kazini. Inasemekana alianza kuwagawia ndugu zake vitu.

Bi Mizani akapata habari hizo, dhamira ikamchoma. Kucheka amecheka, lakini kuna mahali pa kukomea. Akaenda mpaka kwake, akamkuta amejifunika blanketi mchana kweupe, akamweleza ukweli wote, na kumlisha kiapo cha kunyamaza. Buldoza akashusha blanketi mpaka kidevuni. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo sana kwa mtu wa kimo kile, "Kwa hiyo siumwi?"

"Huumwi. Wewe ni mtu mwenye nguvu, ila pungufu kidogo ya maandishi."

Basi tangu hapo Buldoza akawa anakuja saa ya wanawake, anaingia kwa mlango wa nyuma, kujifunza upya kwa visahani vya kweli. Na kwa kuwa Bi Mizani sasa alikuwa anatoa sabini chini mpaka kiunoni, lakini nondo si mtu, haina mabega ya kulegea wala mguu wa kuburuzika, Buldoza akapewa kazi. Alikaa kwenye benchi akijifanya amepooza upande wa kulia. Mtaalamu wa viungo alikuja mara mbili kuwaelekeza: kiti kikae hivi, breki zifungwe, goti lako lizuie goti lake bovu, mkanda wa turubai umzunguke kiunoni, ainame mbele, kisha mnyanyuke. Mguu wake mzima autumie, huo si wizi.

"Legea!" msusi alimkemea Buldoza. "Mgonjwa gani anakaza shingo?"

Mara ya kwanza walianguka wote kwenye mkeka. Mara ya nne akasimama. Kilo tisini na mbili, zimesimama mbele ya mwanamke wa miaka hamsini na tisa, zimemwegemea begani, na Bi Mizani hakuyumba. Akasema tu, "Punguza wali." Akajipa wiki mbili za mwisho kuzoeza mwili wake polepole, halafu amwite binti yake aje aone.

Wiki hizo mbili hakuzipata. Jumatatu iliyofuata alitoka kwenye mazoezi saa tano na dakika chache, akakuta gari mlangoni kwake, limefunguliwa buti. Shule zilikuwa zimefunga mapema, na binti hakuona sababu ya kusubiri. Shemeji alishamwogesha Fundi na kumvalisha. Begi lilikuwa limefungwa. Fundi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa koti lake la kazi, lile nzito la mifuko mingi ambalo hakuligusa tangu augue.

"Joto lote hili, koti la nini?" Bi Mizani akauliza.

"Safari," Fundi akajibu, na hakumtazama usoni.

"Mama, tusirefushe," binti alisema. "Najua inauma. Baba mdogo, msaidie Baba."

"Shemeji, usimguse!" Bi Mizani akatua mkoba.  "Ulitamka hapa, mbele ya shahidi. Nikimweka kwenye kiti peke yangu, anabaki."

"Mama. Utaumia."

"Ulitamka au hukutamka?"

Binti akamtazama baba yake mdogo. Baba mdogo akatazama dari. "Nilitamka," binti akasema.

Bi Mizani akasogeza kiti, akafunga breki moja, akafunga ya pili. Akamweka Fundi nyayo sawasawa. Akamzungushia mkanda. Goti lake likazuia lile goti bovu. "Inama mbele, Fundi. Nikihesabu tatu tunapanda. Moja, mbili, tatu."

Hakupanda. Alinyanyuka kidogo kutoka kwenye godoro, akarudi. Kitanda kikalia.

"Inatosha, Mama," binti alisema, na safari hii sauti haikuwa ya mkuu wa shule. Machozi yalikuwa karibu.

Bi Mizani akakaza mkanda upya. Alikuwa amesimama anavuta pumzi, na hofu imemjaa, maana aliona wazi kwamba akishindwa hapa atakula chakula chake peke yake kwenye meza ya viti viwili mpaka atakapokufa. Na juu ya hofu hiyo kulikuwa na kitu kingine kilichomkera, kama hesabu isiyokubali kutoka. Buldoza amempandisha. Huyu mwembamba, vipi? Akajipanga upya. Akarudisha makalio nyuma, akakaza tumbo, akaishika ardhi kwa nyayo zote mbili.

"Mara hii, Fundi, usiposukuma na huo mguu wako mzima nitakung'ata sikio. Moja. Mbili. Tatu!"

Wakapanda. Wakapanda wote wawili mpaka juu, magoti yakanyooka, viuno vikanyooka, na Fundi akasimama kifuani kwa mkewe. Binti akaziba mdomo kwa mikono. Shemeji akasema "Wee!" kama mtu aliyeona bao.

Lakini Bi Mizani hakugeuka kwenye kiti. Alibaki amemshika, macho ameyafinya.

"Sabini," akasema.

"Nini?" Fundi akauliza.

"Wewe leo ni sabini. Jana tu nimekugeuza, ulikuwa sitini na sita." Akamwita binti bila kugeuza kichwa. "Hebu tia mkono kwenye mifuko ya baba yako."

Binti akatia mkono. Akatoa spana kubwa iliyoviringishwa ndani ya soksi. Akatia mfuko wa pili, ikatoka nyingine. Wa ndani, nyundo imefungwa kwa taulo ya mkono. Kwenye mfuko wa kiunoni, koleo mbili na nati za malori zisizohesabika.

"Baba!"

"Aliniambia nimletee sanduku la vifaa aviage," shemeji akajitetea haraka. "Kisha akanituma maji."

Fundi alikuwa ameinamisha kichwa, kidevu kimemgusa mkewe kwenye paji. "Nilikuona ukishuka ngazi kinyumenyume," akasema. "Nikakuona jikoni unajikanda, unajificha. Nikasema huyu mwanamke anakufa kwa ajili yangu na hataki kusema. Ukijaribu ukashindwa mbele yao, utaniacha niende, upumzike. Ndiyo hivyo. Sikujua njia nyingine."

"Mjinga wewe!" Bi Mizani akalia na kucheka kwa wakati mmoja, na hakuna mkono uliokuwa huru wa kufuta machozi. "Mjinga wa mwisho! Yale ni maumivu ya mazoezi, yanakuja na kuondoka, na nyuma yake mtu anaota mwili mpya! Mimi sijawahi kuwa na afya kama hii tangu nikuzalie huyu. Napandisha gesi mwenyewe! Mara ngapi umenisikia nikilalamika goti? Nani alikwambia nimechoka? Nilikutuma uende kuniulizia?"

"Mama, mweke kitini," binti alisema. Alikuwa amekumbatia spana na nyundo, zimemchafua blauzi, na hakujali. "Nimeona. Anabaki. Nimeona, Mama."

"Wewe ngoja, hii si ajenda yako." Akamkaza Fundi vizuri zaidi. "Sikushushi. Nakwambia sikushushi mpaka uniombe radhi."

Fundi akainua kichwa. Miezi kumi na moja sasa walikuwa wakitazamana mmoja kalala na mwingine kainama, au mmoja kakaa na mwingine anasukuma. Hapa walikuwa wamesimama uso kwa uso, na kimo chake kilikuwa kilekile, na paji la mkewe lilifika palepale lilipokuwa likifika zamani. Akainua mkono wake mzima, akauzungusha mgongoni kwa mkewe, akausikia ule mgongo jinsi ulivyokuwa imara.

"Omba radhi, Fundi. Watu wanatungoja."

"Siombi," Fundi akasema, akamlalia begani. "Siombi ng'o."